Rydeen yako imepoa kwa nini? Jibu kuhusu nyimbo za Yellow Magic Orchestra

Swali la msomaji: "Nimezisikia Rydeen na Behind the Mask za kundi la Kijapani Yellow Magic Orchestra nikazipenda sana. Mimi natengeneza biti kwa FL Studio, programu ya muziki ya kompyuta. Nimejaribu kuiga Rydeen noti kwa noti. Melodi iko sawa na sauti za kinanda zinakaribiana, lakini biti imepoa, haichezeshi. Tena kila nikitafuta nyimbo zao nakuta matoleo mawili matatu ya wimbo uleule. Nianze na nyimbo zipi, nichukue toleo lipi, na wenyewe walizitengenezaje?"

Ndugu msomaji, tuanze na hilo la kupoa, maana majibu mengine yanatoka humo humo. Wengi wakisikia sintesaiza za kundi hili huhitimisha kwamba kila kitu kwenye Rydeen kimepigwa na mashine. Sivyo. Ngoma zile anazipiga Yukihiro Takahashi mwenyewe, ameketi kwenye seti, kavaa hedifoni, anafuata mlio wa metronomu unaotoka kwenye mashine. Mashine inabeba besi na vile vinoti vinavyojirudia, halafu juu yake wanamuziki wawili wanapiga melodi na kodi kwa vidole vyao. Ukichukua faili la MIDI (orodha ya noti za wimbo, bila sauti) mtandaoni ukalinyoosha lote kwenye gridi, unakuwa umeipa mashine kazi ambayo wenyewe walimwachia mtu. Hapo ndipo wimbo unapofia.

Kumbuka hawa hawakuwa vijana waliokimbilia mashine kwa sababu hawajui kupiga. Haruomi Hosono, aliyeanzisha kundi mjini Tokyo mwaka 1978, alikuwa mpiga besi wa studio mwenye jina, naye alishapitia bendi ya Happy End. Takahashi alitoka Sadistic Mika Band, bendi iliyokuwa imeshafika hadi Uingereza. Ryuichi Sakamoto alisoma utunzi katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, na wenzake wakampa jina la utani la Profesa. Kulikuwa na mtu wa nne ambaye jalada halimwonyeshi: Hideki Matsutake, fundi wa kupanga sintesaiza, aliyekuwa msaidizi wa Isao Tomita, gwiji wa sintesaiza wa Japani. Bila Matsutake hakuna Rydeen unayoijua, na njia yake ya kazi ndiyo unayopaswa kuielewa kabla ya kununua plagini (programu ndogo ya sauti) yoyote.

Chombo chake kikuu kilikuwa Roland MC-8, sikwensa (mashine inayojipigia noti ulizozipanga) iliyotoka mwaka 1977 kwa bei ya yeni milioni 1.2, ikiwa na njia nane za kutuma volteji kwenye sintesaiza. Haikuwa na vibao vya kinanda. Unaingiza nambari kwa vitufe kama vya kikokotoo, noti moja baada ya nyingine, na kazi ikiisha unaihifadhi kwenye kaseti. Kila noti ilihitaji nambari tatu: sauti iwe juu au chini kiasi gani, noti inayofuata ianze baada ya muda gani, na hii noti yenyewe isikike kwa muda gani kabla ya kukatwa. Hizo mbili za mwisho ndizo siri. Kwenye FL Studio ukichora noti moja ya hatua moja, muda wa kuanza na urefu wa noti huja pamoja na wewe huvifikirii. Matsutake alilazimika kuvifikiria kila mara, kwa kuwa mashine ilimuuliza kila mara.

Chukua besi ya noti za hatua moja moja, yaani kumi na sita kwa kila midundo minne. FL Studio kwa kawaida hugawa mdundo mmoja vipande 96, kwa hiyo hatua moja ni vipande 24. Ukiacha noti ijaze vipande vyote 24, besi inatoka kama mlio mmoja mrefu unaobadilika sauti. Ikate hadi vipande 12 au 14 na papo hapo besi inaanza kudunda, maana sasa kuna ukimya kati ya noti na noti, na ukimya huo unaipa ngoma nafasi. Melodi ya juu iache ndefu zaidi, vipande 20 hadi 22. Fanya jaribio hili kabla ya kugusa kitu kingine. Biti nyingi zilizopoa zinapona nusu hapa tu.

Sasa nambari ile ya pili, muda wa kuanza noti. Hosono alipenda mwendo ulio katikati, si ule ulionyooka na si ule unaoyumba waziwazi kama bluzi. Mfano mzuri ni Absolute Ego Dance, wimbo wake wenye ladha ya Okinawa pamoja na zile kelele za kuchangamsha ngoma. Tufanye hesabu. Gawa mdundo mmoja sehemu 24. Mwendo ulionyooka unaugawa 12 na 12. Mwendo wa kuyumba kabisa unaugawa 16 na 8. Katikati kuna 13 na 11, au 14 na 10, na huko ndiko uchezaji ulikojificha. Kwenye FL Studio yenye vipande 96, noti ya pili ya mdundo inakaa kwenye kipande cha 48 ikiwa imenyooka. Ukitaka 13 kwa 11 isogeze hadi 52. Ukitaka 14 kwa 10, hadi 56. Kuyumba kabisa ni 64. Bonyeza Alt unapoiburuta ili gridi isiikamate, na angalia kisanduku cha taarifa juu: noti iliyokuwa 1:03:00 inapaswa kusomeka 1:03:08 ukiwa umefika 56. Kwa tempo ya 130 hapo umeichelewesha kama milisekunde 38, na kwa 52 umeichelewesha kama 19. Sikio linahisi zote mbili, ingawa jicho likitazama skrini halioni cha maana.

Usitumie kile kitelezi cha swingi cha kwenye rafu ya chaneli kwa kazi hii. Kinasogeza hatua za shufwa, hatua fupi, wakati wewe unataka kusogeza nusu ya mdundo. Tena unataka besi iyumbe kidogo huku kodi zikiwa zimenyooka. Hiyo tofauti ndogo kati ya tabaka na tabaka ndiyo inayofanya mtu atikise kichwa bila kujua kwa nini.

Turudi kwenye ngoma. Hapa hakuna njia ya mkato: zipige. Kama huna pedi, tumia vibao vya kinanda cha MIDI, na kama hicho nacho huna, vitufe vya kompyuta vinatosha. Weka metronomu, kwanza piga kiki (ngoma ya mguu) na sneya kwa pamoja kwa baa 16 bila kusimama, kisha rudia upige haihati (matoazi) peke yake kwa baa zile zile 16. Usikate baa moja nzuri ukainakili mara kumi na sita, kwa sababu hapo umetengeneza mashine nyingine. Ukimaliza, fungua kifaa cha kwantaizi, kinachovuta noti kuelekea gridi, kwa Alt+Q na unyooshe kwa asilimia 40 hadi 60 tu. Takahashi alikuwa mpigaji safi sana, haranduki ovyo, kwa hiyo usidhani kuwa uchafu ndio unaotafutwa. Kinachotafutwa ni msimamo wa mkono mmoja. Ndiyo maana kile kitufe cha kutawanya noti kwa bahati nasibu hakisaidii kitu. Bahati nasibu inaiweka sneya mbele mara hii na nyuma mara ijayo, lakini mpiga ngoma wa kweli ana tabia: akiwa anachelewesha sneya kidogo, huichelewesha wimbo mzima, na akiingia kwenye mzunguko wa ngoma za tom hukaza mwendo kila mara mahali palepale.

Kuna mitego miwili inayowanasa watu kabla hata hawajaanza. Wa kwanza ni kuchelewa kwa sauti kwenye laptopu. Bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 1024 kwa kasi ya 44,100 ni kama milisekunde 23, maana yake unapiga sasa unasikia baadaye, mkono unajaribu kujirekebisha na kila kitu kinatoka kimeparaganyika. Chagua dereva ya sauti ya ASIO, inayopunguza kuchelewa huko, na ushuke hadi 256 au 128, ambayo ni kama milisekunde 6 au 3. Sauti ikianza kukwaruza, zima plagini nzito wakati wa kurekodi, uziwashe baadaye. Mtego wa pili ni hedifoni za Bluetooth. Zinachelewesha sauti kuliko hiyo bafa mbaya kabisa, na hakuna mpangilio wa programu utakaokuokoa. Tumia za waya.

Sauti ya ngoma yenyewe iwe kavu. Takahashi wa miaka ile haogelei kwenye mwangwi. Sneya fupi, inayokufa ndani ya milisekunde 120 hadi 180, kiki isiyo na mkia mrefu, haihati iliyobanwa. Ukiweka rivabu kubwa unakaribisha rock ya katikati ya miaka ya 80, ambayo ni nyumba nyingine kabisa.

Kwa besi, sintesaiza ya 3x Osc inayokuja na FL Studio inatosha. Oscileta ya kwanza msumeno, ya pili mraba, ya tatu izime au ishushe oktavu moja kwa sauti ndogo. Tenganisha mbili za kwanza kwa senti 5 hadi 8 (senti 100 ni nusu toni). Pitisha kwenye filta ya kupitisha sauti za chini yenye mteremko wa desibeli 24, ifunge karibu theluthi mbili, halafu acha envelopu, kidhibiti cha mabadiliko ya kila noti, iifungue kwa ghafla na kuirudisha ndani ya milisekunde 150 hadi 250, kiwango cha kudumu kikiwa sifuri au karibu na sifuri. Sauti za wakati ule zilitoka kwenye mitambo kama Moog III-c ya Matsutake, kabati zima la nyaya, pamoja na ARP Odyssey na Korg PS-3100, na Prophet-5 ikaja baadaye kidogo. Vyombo vile havikutulia kwenye sauti moja, joto la chumba tu lilivisogeza. Ukitaka kuiga hali hiyo weka LFO (wimbi la kutikisa sauti) ya polepole sana, kama hezi 0.1 hadi 0.3, itikise sauti kwa senti 2 hadi 4. Zaidi ya hapo inakuwa kaseti iliyokaa juani. Kama unataka kitu kipana zaidi ya 3x Osc bila kulipa, Surge XT ni ya bure na inabeba kazi hii yote.

Ule mwendo wa farasi unaousikia kwenye Rydeen unapatikana kwa noti moja ya nusu mdundo ikifuatwa na mbili za robo mdundo, tena na tena. Kosa la kawaida ni kuzipa noti zote tatu nguvu sawa. Ipe ya kwanza velositi (nguvu ya mpigo) ya 110, ya pili 70, ya tatu 85 hivi, na farasi ataanza kukimbia. Melodi aliitunga Takahashi, na mpangilio wa kodi na tabaka ni mkono wa Sakamoto, ndiyo maana wimbo unaimbika kama wa watoto huku chini yake kuna mambo mengi yanaendelea. Usiache kusikiliza hayo ya chini.

Sasa orodha uliyoomba. Albamu ya kununua kwanza ni Solid State Survivor ya Septemba 1979. Imeuza zaidi ya nakala milioni moja na ikashinda tuzo ya albamu bora kwenye Japan Record Awards za mwaka 1980. Humo mna Technopolis, Absolute Ego Dance, Rydeen na Behind the Mask, yaani karibu kila wimbo ambao Mjapani wa kawaida anautambua kwa sekunde tano. Kuna pia Day Tripper ya Beatles waliyoivunjavunja hadi ikawa kama mashine iliyoshikwa na kwikwi. Wengine wanaipenda. Mimi naona ndio wimbo dhaifu wa albamu.

Technopolis ni wa Sakamoto, na ndio wa kujifunzia vokoda. Ile sauti ya roboti inayotamka "Tokio" mwanzoni imetengenezwa kwa kuunganisha vitu viwili: sauti ya mtu inayotoa umbo la maneno, na sintesaiza inayotoa noti. TAL-Vocoder ya bure inafanya kazi hiyo. Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu moja kati ya tatu. Aidha sintesaiza waliyoipeleka ni laini mno, filta imefungwa, kwa hiyo hakuna sauti za juu za kuchongwa na maneno hayasikiki. Tumia msumeno ulio wazi kabisa, kodi ya noti tatu au nne. Au sauti ya mtu inapanda na kushuka; ipitishe kwenye kompresa kwanza, uikaze vizuri. Au konsonanti zimepotea, kwa sababu T na K na S ni pumzi tu, hazina noti. Ongeza kile kitufe cha kelele ndani ya vokoda mpaka zisikike. Tamka kwa kukaza midomo kupita kiasi, hata kama chumbani unajiona mjinga. Maneno ya Kiswahili yanakubali sana vokoda kwa kuwa silabi zake nyingi zinaishia kwenye irabu na irabu ndizo zinazobeba noti, kwa hiyo usione haya kuweka lako.

Albamu ya kwanza, ya Novemba 1978, inaitwa kwa jina la kundi, na ndiyo inayokuchanganya na matoleo. Wimbo wake mkubwa ni Firecracker, ambao si wao waliutunga. Ni wa Martin Denny, Mmarekani aliyekuwa akipiga hotelini Hawaii muziki wa kuigiza Mashariki kama watalii walivyoiwaza, na ulitoka mwaka 1959. Hosono aliwaita wenzake wawili akiwa na wazo hilo moja kichwani: achukue ile Asia ya bandia, aipige kwa sintesaiza juu ya mdundo wa disko, auze nakala milioni nne duniani. Ni mzaha mkali uliofungwa kwenye muziki wa kucheza. Kabla yake wakaweka milio iliyoigizwa kutoka michezo ya video ya Circus na Space Invaders, wakaiita Computer Game. Singo ya Computer Game pamoja na Firecracker ilifika nafasi ya 17 Uingereza mwaka 1980, na Marekani ikachezwa sana na watu weusi, kiasi kwamba mwaka huo walialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Soul Train wakapiga Tighten Up ya Archie Bell & the Drells. DJ wa hip hop Afrika Bambaataa alikuwa akiipiga Firecracker kwenye santuri zake. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2001, Jennifer Lopez akatoa I'm Real ikiwa na Firecracker ndani yake.

Matoleo yenyewe ni haya. Albamu ya Kijapani ya 1978 ndiyo ya awali. Kampuni ya Marekani ilipoitoa mwaka 1979 ilimkabidhi mhandisi wa sauti Al Schmitt aichanganye upya: sauti imekuwa pana na safi zaidi, besi imenyanyuka, Tong Poo imeongezewa sauti ya Minako Yoshida, na kipande cha mwisho cha milio ya mchezo wa video kimeondolewa. Kwa kusikiliza barabarani chukua ya Marekani. Kwa kujifunza chukua ya Kijapani, kwa sababu tabaka zimekauka na unaweza kuzihesabu. Tong Poo, ya Sakamoto, nadhani ndio utunzi bora kabisa wa miaka ile. Sikiliza jinsi sehemu ya kati inavyobadilisha hali ya hewa nzima kabla ya melodi kurudi.

Mtego mwingine wa matoleo ni ×∞ Multiplies ya mwaka 1980. Japani ilikuwa santuri ndogo ya inchi 10, nyimbo chache zikipishana na vichekesho vya kikundi cha Snakeman Show kwa Kijapani na Kiingereza. Ng'ambo walitoa albamu yenye jina hilo hilo lakini bila vichekesho, ikiwa imejazwa nyimbo za Solid State Survivor. Ukinunua kwa jina tu unaweza kujikuta na Rydeen mara mbili. Ya Kijapani ina Nice Age, ambayo inafaa kuwamo kwenye orodha yako.

Public Pressure, albamu ya jukwaani ya Februari 1980, nayo ina kisa. Mpiga gitaa wa ziara, Kazumi Watanabe, alikuwa na mkataba na kampuni nyingine, hivyo gitaa lake likafutwa, Sakamoto akaziba mapengo kwa sintesaiza. Baadaye Faker Holic ikatoa rekodi za ziara hiyo gitaa likiwemo. Kwako wewe unayetafuta siri ya ngoma, rekodi za jukwaani ni darasa zuri kuliko za studio: mashine ile ile, tempo ile ile, na unamsikia mtu akiibeba. Jukwaani MC-8 ilikuwa mzigo kwelikweli, data ikipakiwa kutoka kwenye kaseti kabla ya wimbo kupigwa, na hakuna wa kumwambia mashine isubiri. Kwa matoleo ya sasa ya studio, tafuta yale ya mwaka 2018 na 2019 yaliyoremasitiwa (yaliyong'arishwa sauti upya) na Bob Ludwig, ndiyo yaliyo wazi zaidi.

Baada ya hapo mambo yanageuka. Machi 1981 walitoa BGM, albamu nzito, yenye kiza, na walioipenda Rydeen wengi walishtuka. Humo utasikia mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyokuwa imetoka 1980, ikifanya kazi kabla dunia haijaijua. Sikiliza makofi yake kwenye 1000 Knives. Roland ilitengeneza kama mashine 12,000 tu kabla ya kusitisha mwaka 1983, na leo kiki yake iko kwenye biti zako bila shaka yoyote. Cue ndio wimbo wa BGM wa kuanzia. Waliutunga na kuurekodi Hosono na Takahashi bila Sakamoto, na ulipopigwa jukwaani Sakamoto alihamia kwenye ngoma.

Novemba mwaka huohuo ikaja Technodelic. Mhandisi wa Toshiba-EMI, Kenji Murata, aliwajengea sampla (mashine ya kurekodi na kurudia vipande vya sauti) yao wenyewe, LMD-649, ya biti 12, wakati sampla za kununua zilikuwa mali ya matajiri wachache. Ni kati ya albamu za kwanza kujengwa kwa vipande vya sauti vinavyojirudia: kwenye Neue Tanz kuna sauti za kecak, uimbaji wa kundi wa kisiwa cha Bali, zimekatwakatwa hadi zimekuwa ngoma. Ukizoea kutengeneza biti kwa vipande vya rekodi, anza na hii, usisubiri. Taiso nayo ina piano ya Sakamoto inayozunguka bila kuchoka na sauti zinazoamrisha mazoezi ya viungo.

Kimi ni, Mune Kyun ya Machi 1983 ni kitu kingine, pop ya mapenzi ya kiangazi iliyotumika kwenye tangazo la vipodozi vya Kanebo, maneno ya Takashi Matsumoto, mwenzake Hosono wa Happy End. Ilifika nafasi ya pili Japani. Wajuaji huibeza. Wasikubabaishe, mpangilio wake ni safi ajabu. Mwisho wa mwaka huo wakaachana, wakarudi kwa muda mwaka 1993 na tena kuanzia 2007. Takahashi alifariki tarehe 11 Januari 2023, Sakamoto tarehe 28 Machi mwaka huohuo. Amebaki Hosono.

Wimbo mmoja si wa kundi, ila wewe Mwafrika unayetengeneza biti usiukose: Riot in Lagos, wa Sakamoto peke yake, kutoka B-2 Unit ya mwaka 1980. Waliupiga pia kwenye ziara ya kundi mwaka huo. Midundo inaingiliana kama kila chombo kina hesabu yake, na ukiuchora kwenye gridi utaona namna noti chache zinavyoweza kuchezesha. Kwa masikio ya Pwani, chombo cha Kijapani kwenye ngoma yetu si kigeni. Taishokoto iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 ilishaingia taarabu ya Mombasa zamani.

Nimeacha Behind the Mask mwisho kwa sababu inahusu kitu ambacho hukukiuliza ila utakihitaji. Ilianza kama muziki wa tangazo la saa za Seiko. Sakamoto aliutunga, Chris Mosdell akaandika maneno ya Kiingereza, sauti ya vokoda ni ya Sakamoto. Michael Jackson aliupenda, akaongeza maneno na melodi zake enzi za Thriller, lakini mgawanyo wa mapato ya utunzi haukuafikiwa na rekodi ikalala hadi 2010, alipokuwa ameshafariki. Kabla ya hapo mpiga kinanda Greg Phillinganes alishautoa kwenye albamu yake, na kupitia kwake ukamfikia Eric Clapton, aliyeuingiza chati za Uingereza mwaka 1987.

Kwa hiyo kuiga Rydeen chumbani ili ujifunze hakuna wa kukuuliza. Ukitaka kuipandisha kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, angalia umefanya nini. Ukiipiga upya kwa vyombo vyako bila kubadili utunzi, unahitaji leseni ya utunzi pekee, na baadhi ya wasambazaji wa mtandaoni hukuombea kwa ada ndogo ukiwaambia mapema kuwa huo ni wimbo wa mtu. Ukikata kipande cha rekodi yao, hata cha sekunde mbili, unahitaji ruhusa mbili, ya utunzi na ya rekodi. Na ukiongeza maneno yako ya Kiswahili juu ya melodi yao, hapo umebadili utunzi, leseni ya kawaida haikufuniki tena, lazima uombe kwa wachapishaji wenyewe na mkubaliane mgawanyo kabla hujatoa. Weka makubaliano hayo kwenye maandishi, pamoja na jina la kila mtunzi kama lilivyoandikwa kwenye toleo la Kijapani: Rydeen ni Yukihiro Takahashi, Behind the Mask ni Ryuichi Sakamoto na Chris Mosdell, Firecracker ni Martin Denny.